Mtwara mpaka Dar kwa ndege: kokotoa mwenyewe umbali na muda wa safari

Mtwara mpaka Dar kwa ndege ni kilomita ngapi? Inachukua muda gani? Mbona huyu kaniambia 400, yule kaniambia 560? Maswali haya hayaishi, na wanaoyauliza wana shughuli nzito mkononi: mgonjwa ana miadi Muhimbili, mtoto anawahi usajili wa chuo, mfanyabiashara wa korosho ana watu wanamsubiri. Wengi wanapanda ndege kwa mara ya kwanza na majibu wanayopewa ni ya kubahatisha. Matokeo yake mtu anaachwa na ndege, au analipa nauli kubwa kumbe muda aliookoa ni mdogo mno.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Kutoka uwanja wa ndege wa Mtwara hadi uwanja wa Julius Nyerere ni takribani kilomita 400 kwa mstari wa anga. Ndege hutumia kati ya dakika 50 na saa moja na robo, kutegemea aina yake; ndege ndogo ya injini moja huzidi hapo. Barabara ni kama kilomita 560. Ila safari yako nzima, tangu unafunga mlango wa nyumba hadi unafika unakokwenda jijini, ni kama saa tano. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye ramani na bando kidogo.
- Kalkuleta yenye alama ya kipeuo cha pili (√). Kwenye simu nyingi alama hiyo hujitokeza ukiilaza simu kiupande.
- Karatasi na kalamu. Usifanye hesabu hii kichwani.
- Ratiba ya ndege au tiketi, kama unayo.
- Saa unayotakiwa kuwa umefika. Namaanisha saa ya miadi yenyewe, maana saa ya ndege kutua ni jambo jingine.

Jambo moja la kuelewa kwanza: kuna umbali wa aina tatu. Upo wa mstari wa anga, yaani mstari ulionyooka kati ya viwanja viwili. Upo wa barabara, ambao huzunguka mito, vilima na ghuba. Halafu upo wa njia ambayo ndege inapita kweli, ambao huzidi kidogo mstari wa anga kwa sababu rubani huelekezwa njia na hupinda anapokaribia kutua. Watu wawili wakikupa tarakimu mbili tofauti, mara nyingi wote wako sahihi. Kila mmoja anazungumzia umbali wake.

Hatua ya 1: Andika viwanja, usiandike miji

Ndege haitui Kariakoo. Pima kutoka uwanja hadi uwanja, na tumia alama za herufi tatu zinazoandikwa kwenye tiketi: Mtwara ni MYW, Lindi ni LDI, Dar es Salaam ni DAR, Songea ni SGX, Dodoma ni DOD, Zanzibar ni ZNZ, Mwanza ni MWZ, Kilimanjaro ni JRO.

Onyo: sisi watu wa Kusini tuna Pemba mbili. Ipo Pemba ya visiwani, PMA, na ipo Pemba mji wa Msumbiji, POL. Kutoka Mtwara, Pemba ya Msumbiji iko kusini yetu, kama kilomita 300 tu kwa anga. Pemba ya visiwani iko kaskazini, mbele zaidi ya Dar. Ukiandika “Pemba” peke yake kwenye simu unaweza kuletewa isiyo yako, ukaenda na hesabu ya upande mwingine wa dunia yako. Angalia herufi tatu kabla ya kuamini chochote.

Hatua ya 2: Chukua nyuzi za kila uwanja

Fungua ramani, tafuta uwanja, kisha bonyeza na kushikilia kidole katikati ya barabara ya kurukia. Zitatokea namba mbili zenye nukta: hizo ndizo nyuzi, yaani digrii. Ya kwanza ni latitudo (ya kaskazini au kusini), ya pili ni longitudo (ya mashariki au magharibi). Kwa safari yetu utapata karibu na hizi:

Mtwara: −10.34, 40.18
Dar es Salaam: −6.88, 39.20

Alama ya kutoa mbele ya latitudo inasema uwanja uko kusini ya ikweta. Usiiogope, ila usiipuuze, tutaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 3: Kokotoa mstari wa anga

a) Tafuta tofauti ya latitudo. Viwanja vyote viwili viko kusini ya ikweta, kwa hiyo toa ndogo kwenye kubwa: 10.34 − 6.88 = 3.46.

b) Zidisha kwa 111, kwa sababu uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111: 3.46 × 111 = 384.

c) Tafuta tofauti ya longitudo: 40.18 − 39.20 = 0.98. Zidisha kwa 111, kisha kwa 0.99: jibu ni 108. Ile 0.99 ni marekebisho madogo, maana nyuzi za longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta. Kwa safari za ndani ya Tanzania tumia 0.99 kila mara, hutakosea kwa kiasi cha kukudhuru.

d) Zidisha kila jibu kwa lenyewe. 384 × 384 = 147,456. 108 × 108 = 11,664.

e) Jumlisha: 159,120. Bonyeza √. Unapata 399.

Basi. Vifaa vya kupimia vinavyozingatia umbo halisi la dunia vitakupa kama 398, na tofauti ya kilomita moja haina maana yoyote kwa msafiri.

Kosa linalowakamata wengi hapa ni kusahau kipande (d) na (e), wakajumlisha 384 na 108 na kupata 492. Hiyo ni njia ya mtu anayekwenda kaskazini moja kwa moja kisha anakata kona kwenda magharibi. Ndege inakata mshazari.

Onyo jingine: mji ukiwa upande wa pili wa ikweta, latitudo hujumlishwa. Addis Ababa iko karibu nyuzi 9 kaskazini. Ukitoa 9 kwenye 10.34 utapata kauzi kamoja na kidogo, kana kwamba Ethiopia iko Newala. Jumlisha: 19.34.

Kwa wanaotaka kulinganisha majibu yao, hizi ni za anga kutoka Mtwara, nimezikadiria kwa kilomita: Lindi 71, Zanzibar 467, Songea 505, Dodoma 670, Mwanza karibu 1,190.

Hatua ya 4: Hakiki kipimo

Kwenye ramani ya simu, ukishabonyeza uwanja wa kwanza, tafuta sehemu ya kupima umbali, kisha sogeza hadi uwanja wa pili. Jibu likilingana na lako, umemaliza. Likitofautiana, tazama kipimo kabla hujarudia hesabu. Safari hiyo hiyo ya Mtwara na Dar ni kilomita 398, au maili 247, au maili za baharini 215, na marubani hutumia hizo za baharini. Maili moja ya kawaida ni kilomita 1.609, maili ya baharini ni kilomita 1.852. Mtu akiona 215 akadhani ni kilomita, atajiaminisha kwamba Dar iko karibu kama Masasi.

Hatua ya 5: Uliza kama ndege inakwenda moja kwa moja

Mstari wa anga una faida pale tu panapokuwa na ndege inayoufuata. Kutoka Mtwara safari nyingi za ndege hupitia Dar, hata kama unakokwenda kuko upande mwingine kabisa.

Chukua Songea. Kwa anga ni kilomita 505, karibu magharibi moja kwa moja. Ukipitia Dar, unaruka 400 kwanza, kisha kama 580 nyingine kutoka Dar kwenda Songea. Jumla ni 980, na bado hujahesabu kukaa Dar ukisubiri ndege ya pili, pengine hadi kesho yake. Barabara ya Masasi, Tunduru, Namtumbo ni zaidi ya kilomita 600, na ni lami. Kwa Songea mimi ningepanda basi bila kuwaza mara mbili.

Hatua ya 6: Kokotoa muda wa angani

Uliza aina ya ndege, au itazame kwenye tiketi. Kasi za kutumia katika hesabu, kwa saa:

- Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja: kilomita 300
- ATR 72, kama zinazotumiwa na Precision Air: kilomita 500
- Dash 8 Q400 ya Air Tanzania: kilomita 650
- Airbus A220 ya Air Tanzania: kilomita 830

Gawanya umbali kwa kasi, zidisha kwa 60, kisha ongeza dakika 20 za kupaa, kushuka na kutembea juu ya lami ya uwanja. Kwa ATR ni 400 ÷ 500 = 0.8; 0.8 × 60 = dakika 48; ongeza 20, dakika 68. Kwa Q400 unapata dakika 57. Kwa A220 unapata dakika 49.

Onyo kubwa: 0.8 ya saa ni dakika 48. Wapo wanaosoma 0.8 wakasema dakika 80, na wapo wanaosoma 1.15 wakasema saa moja na dakika kumi na tano. Zidisha kwa 60 kwanza, kila mara.

Tazama sasa kasi na dakika. A220 ina mbio kuliko ATR kwa zaidi ya nusu, lakini kwa Mtwara na Dar inakuokolea dakika 19 tu. Njia ni fupi. Ndege ikimaliza kupaa, muda si mrefu inaanza kushuka. Ukikuta tiketi mbili, moja ya ndege ya kasi kwa bei ya juu na nyingine ya ATR kwa bei nafuu, na zote zinaondoka saa inayokufaa, chukua nafuu. Kwenda Mwanza ningekushauri vingine.

Upepo? Kusi na kaskazi tunavijua sote wa pwani, ila kwa umbali huu vinabadilisha dakika chache tu. Foleni ya kutua Dar inaweza kukuchelewesha zaidi ya upepo.

Hatua ya 7: Isome saa ya tiketi kwa Kiswahili

Hapa ndipo watu huachwa na ndege, kwa hiyo nenda polepole. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane. Sisi tunaanza kuhesabu alfajiri na jioni. Toa 6 kwa saa za mchana, toa 18 kwa saa za kuanzia jioni, na ongeza 6 kwa saa za kabla ya alfajiri:

- 07:30 ni saa 1:30 asubuhi
- 13:15 ni saa 7:15 mchana
- 19:00 ni saa 1:00 usiku
- 04:45 ni saa 10:45 alfajiri

Mtu akikupigia simu kukuambia “ndege yako saa moja”, mwambie akusomee tarakimu zilizoandikwa. 07:00, 13:00 na 19:00 zote zimewahi kuitwa saa moja na watu wenye nia njema kabisa.

Wanaounganisha Dar kwenda nje wawe makini na saa za baada ya usiku wa manane. Tiketi ya tarehe 15, saa 00:40, ni ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Ukienda jioni ya tarehe 15, ndege imeshaondoka usiku uliopita.

Hatua ya 8: Hesabu mlango kwa mlango, ukianzia mwisho

Anzia saa ya miadi, rudi nyuma hadi kitandani kwako. Tuseme unakaa Mikindani na una miadi Muhimbili saa 5:00 asubuhi.

Uwe pale saa 4:30, upate muda wa kuuliza njia na kukaa kwenye foleni ya kadi. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Upanga, iliko Muhimbili, asubuhi, weka saa moja na robo: uondoke uwanjani saa 3:15. Kushuka na kungoja mzigo, nusu saa: ndege iwe imetua saa 2:45. Angani saa moja na dakika kumi: iruke Mtwara saa 1:35. Kufika uwanjani saa mbili kabla: saa 11:35 alfajiri. Bajaji kutoka Mikindani, dakika 25 ukihesabu na kumsubiri dereva: utoke nyumbani saa 11:10 alfajiri.

Jumla ni saa tano na dakika ishirini, na katika hizo za angani ni saa moja na dakika kumi. Sasa fungua ratiba. Kama siku hiyo hakuna ndege inayoondoka Mtwara saa 07:35 au kabla, hakuna hesabu itakayokuokoa: nenda siku moja kabla, na bei ya kulala Dar iingize kwenye bajeti tangu mwanzo. Kwa mgonjwa ningesema nenda siku moja kabla hata kama ndege ya asubuhi ipo. Ndege huchelewa, na miadi ya daktari bingwa ikipotea huenda ukasubiri muda mrefu kuipata nyingine.

Mtu wa Masasi aongeze kilomita 200 za barabara kufika Mtwara, yaani si chini ya saa tatu. Akitaka ndege ya asubuhi, alale Mtwara. Wa Newala na Tandahimba nao wafanye hesabu hiyo hiyo kabla ya kukata tiketi.

Hatua ya 9: Linganisha na basi

Mabasi ya abiria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Kwa hiyo 560 ÷ 80 = 7, na hapo basi halijasimama hata mara moja. Ongeza vijiji, chakula, mizani na abiria wa njiani: weka saa 9 hadi 10, kisha uongeze muda wa kutoka Mbagala kuingia mjini. Anayekuahidi saa sita anakuahidi mwendo ambao haukufai.

Kwa mtu wa Mtwara mjini, ndege inaokoa kama saa tano. Kwa mtu wa Lindi mambo ni tofauti. Akitegemea ndege ya Mtwara, lazima kwanza asafiri kilomita kama 110 kwenda kusini, akizungukia Mingoyo, wakati Dar iko kaskazini. Saa mbili za barabara, jumlisha saa tano za mlango kwa mlango, ni saa saba. Basi la Lindi hadi Dar ni kama kilomita 450, saa saba na nusu hivi. Nusu saa haitoshi kuhalalisha nauli ya ndege, labda kwa mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye kiti cha basi.

Masika hesabu ya basi huharibika yote. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara yetu maeneo ya Somanga, Kilwa, na mabasi yakakwama. Barabara ikikatika, viti vya ndege humalizika haraka. Mwenye safari isiyoahirishika kati ya Januari na Mei akate tiketi mapema.

Ukikwama

*Ramani inanipa 560, mimi nimepata 399.* Ramani imekuonyesha barabara. Tumia sehemu ya kupima umbali, usibonyeze maelekezo ya njia.

*Kalkuleta inaandika kosa nikibonyeza √.* Umeingiza namba yenye alama ya kutoa. Namba ikishazidishwa kwa yenyewe haiwezi kuwa hasi. Rudia kipande (d).

*Nimepata maelfu ya kilomita kwa safari ya ndani.* Umechanganya latitudo na longitudo. Mtwara, 10 inatangulia, 40 inafuata.

*Tiketi inasema saa moja na dakika ishirini, mimi nimepata dakika 57.* Kwenye tiketi muda huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa na huisha inapoegeshwa tena, na ratiba huwekewa akiba. Ukizidiwa kwa dakika 10 hadi 25, hesabu yako ni nzima. Ukizidiwa kwa saa nzima, ndege inatua mahali pengine kwanza. Uliza ni wapi, na kama utashuka.

*Nakwenda Msumbiji, saa hazilingani.* Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Tiketi huandika saa ya mahali ilipo ndege, kwa hiyo ukienda ongeza saa moja kwenye tofauti ya kufika na kuondoka, ukirudi punguza moja. Ndani ya Tanzania yote saa ni ile ile.